Mtaa umefufuka na mnunuzi yuko mlangoni: tuuze nyumba ya babu?

SWALI: Shikamoo mzee. Nakuandikia kutoka Moshi. Babu yetu alikuwa fundi wa reli, na mwaka 1958 alijenga nyumba ya vyumba vinane nyuma ya stesheni, vinne kila upande wa koridoo. Alifariki 2003. Mama anaishi humo na wapangaji watatu, mmoja wao mamalishe anayepikia barazani. Nilipokuwa mtoto mtaa wetu ulikuwa magofu na maghala matupu, na jioni watu waliuogopa. Sasa tuna lami na taa, ghala moja limekuwa hosteli ya wapanda mlima, na fremu za maduka zinajengwa kila kona. Dalali amemleta mtu mwenye mapendekezo mawili: atununulie kwa fedha taslimu, au tuingie ubia, ajenge ghorofa nne, akusanye kodi miaka 20 kisha aturudishie jengo. Kaka zangu wawili wanataka kuuza, mimi na mdogo wangu hatutaki. Hati ipo, imeandikwa jina la babu, ni ya miaka 33 tangu 1998. Tufanye nini? Na wapangaji wetu je? Naomba usiutaje mtaa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ushauri wangu ni kwamba msiuze, na huo ubia wa miaka 20 msiusaini kama ulivyo. Sababu zangu ni ndefu kidogo. Soma mpaka mwisho, kisha uwasomee kaka zako, maana wao wana haki ya kusikia hesabu hii kama wewe.

Nianze na jambo ambalo pengine hamjaliona. Kura zenu nne, mbili kwa mbili, hazina uzito wowote kwa sasa. Nyumba si yenu na kisheria bado si ya mama. Iko katika mirathi ya babu, na mirathi ile haijafunguliwa tangu 2003. Kama babu aliacha watoto wengine, wajomba na mama zenu wadogo wako wapi? Wana sehemu yao humo, na aliyefariki kati yao ana watoto wanaosimama mahali pake. Hakuna anayeweza kuuza, kukodisha kwa mkataba mrefu wala kuingia ubia mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo ahamishe hati kwenda kwa warithi. Mnunuzi makini angeliuliza hilo siku ya kwanza. Huyu wa kwenu amekuja na fedha taslimu bila kuuliza jina lililoko kwenye hati, nami hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Ama hajui sheria, ama anajua na anategemea kwamba ninyi hamuijui. Nimeona familia zinazopokea malipo ya awali, zinayagawana, halafu mjomba anajitokeza kutoka Tanga na kesi inakaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka fedha zimeisha na upendo nao umeisha.

Jambo la pili liko kwenye hati hiyohiyo. Miaka 33 tangu 1998 inakwisha 2031. Hati za miaka 33 zilitolewa kwa wingi kwenye viwanja vidogo vya mijini, wakati viwanja vingine vilipewa 66 au 99, na watu wengi hawaangalii ule mstari wa muda hata siku moja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na sisi tuna haki ya kuitumia kwa muda. Sasa angalia ubia wa miaka 20. Mkataba wa kukodisha hauwezi kuishi muda mrefu kuliko hati iliyouzaa. Huyo mwekezaji au wakili wake lazima ataomba hati mpya ya muda mrefu zaidi kabla ya kujenga. Ataiomba kwa jina la nani? Kama mmesaini madaraka mapana ya kumruhusu ashughulikie hati kwa niaba yenu, siku moja mtakuta jina la kampuni yake limeketi pale palipokuwa jina la babu. Hati mpya iombwe na familia, ilipiwe na familia, na itoke kwa jina la familia, ndipo mtu yeyote azungumze matofali.

Kwa kuwa mko nyuma ya stesheni kuna kipimo kingine cha lazima. Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, na nje ya mji mita 30. Mwiteni mpimaji aangalie mipaka yenu ikoje na ile ya reli. Hati iliyopimwa vizuri inawalinda, lakini kibanda chochote cha choo au jiko mlichoongeza nyuma huenda kimeingia ndani ya hifadhi, na kilicho ndani ya hifadhi hakina fidia.

Sasa nije kwenye swali ambalo hukuliuliza kwa maneno, ila liko ndani ya barua yako yote: kwa nini huyu mtu amekuja leo, wala hakuja mwaka 2005?

Mtaa wenu haukufa kwa uvivu wa wakazi wake. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na ilipoendelezwa hadi Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920, eneo la stesheni lilikuwa ndilo tumbo la mji. Kahawa ya mlimani ilishukia hapo. Wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao mwaka 1925, kikaja kuwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na kwa miongo kadhaa magunia, makarani, wapagazi, mafundi wa reli kama babu yako na mama wa chai waliishi kwa mwendo wa treni. Halafu mambo yakaja kwa kufuatana. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarudishwa katika miaka ya 80 vikiwa dhaifu. Mwaka 1994 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mizigo mingi ikahamia kwenye malori. Treni ya abiria ikakoma katika miaka hiyohiyo ya 90. Kiwanda cha magunia na cha kiberiti vikasimama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani ikaanguka vibaya, na mlimani watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Ghala lisilo na mzigo likawa ghala tupu, na tupu likawa gofu. Ninyi mlibaki kwa sababu hamkuwa na pa kwenda, mkafagia, mkalipa kodi ya jengo, mkalea watoto hapo.

Kisha fedha za umma zikaleta lami na taa, na treni ya abiria ikarudi Moshi Desemba 2019. Watalii wa Kilimanjaro wanahitaji vitanda karibu na mji. Mwaka 1979 mwanajiografia aitwaye Neil Smith alieleza utaratibu huu kwa namna ambayo hadi leo sijaona aliyeieleza vizuri zaidi. Mtaa unapochakaa, kodi unayoingiza inashuka mwaka hadi mwaka, huku kodi ambayo ardhi ileile ingeweza kuingiza, kama ingetumiwa vingine, inapanda kwa sababu mji unakua. Nafasi kati ya hizo mbili ikipanuka vya kutosha, mtaji unaingia. Mwekezaji ananunua nafasi ile. Hizo kuta za babu hazimhusu, atazibomoa ndani ya siku mbili.

Kwa hiyo bei anayowapa imepimwa kwa kodi ya vyumba vinane vyenye bati kuukuu. Faida yake imepimwa kwa fremu na vitanda vya mwaka 2035. Tofauti yake ni yenu kama mtabaki mmeishika ardhi, ni yake mkimwachia. Mtafuteni mthamini aliyesajiliwa, mwombeni athamini kiwanja kwa matumizi yanayoruhusiwa na mpango wa eneo, asiishie kwenye nyumba iliyopo. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kosa. Na kaka zako wakumbuke kodi ya faida ya mtaji, asilimia 10 ya faida, inayolipwa TRA kabla hati haijahamishwa. Kiasi alichotaja dalali hakitafika mfukoni kama kilivyo, na kikigawanywa kwa warithi wote wa babu kila mmoja atapata fedha ya kununulia kiwanja kisichopimwa huko nje ya mji, mbali na kila kitu.

Tuje kwenye ubia, maana huo ndio unaowavutia watu wengi kwa kuwa hauonekani kama kuuza. Nitatumia namba za mfano tu. Tuseme kiwanja kina thamani ya shilingi milioni 150 na jengo litagharimu milioni 450. Mradi mzima ni milioni 600, na ninyi mmechangia robo. Mwenye robo anastahili robo ya mapato tangu mpangaji wa kwanza anapolipa. Katika pendekezo lenu mnapata sifuri kwa miaka 20, kisha mnapewa jengo zima. Jengo la miaka 20 ambalo mwenye nalo alijua ataliacha! Mtu hatengenezi paa mwaka wa 18 kwa ajili ya mwenzake. Mtarudishiwa mabomba yaliyooza, nyaya za zamani, nguzo zisizojulikana zilisukwa kwa nondo gani, na wapangaji waliozoea kulipa kwa mtu mwingine. Mama yako hatakuwepo kula hata mwezi mmoja wa hiyo kodi, nisamehe kwa kulisema waziwazi.

Sikatai ubia. Ninachokataa ni ule usiolipa kitu sasa. Ubia mzuri una kodi ya ardhi inayolipwa kila mwaka tangu ujenzi unapoanza na inayopanda kila baada ya miaka michache, au una sehemu ya jengo inayokuwa yenu siku ya kwanza. Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Fremu mbili za chini na nyumba moja ghorofa ya kwanza, kwa hati zenu, zinazidi ahadi ya jengo lote mwaka 2046. Muda ushuke hadi miaka 12 au 15. Pawe na mhandisi mnayemchagua ninyi anayekagua msingi na kila ghorofa, na mkataba usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Karatasi iliyogongwa muhuri wa wakili na kufungiwa kabatini haitoshi. Na mwekezaji asiruhusiwe kuweka hati yenu rehani benki bila idhini ya maandishi ya warithi. Kifungu hiki kimoja kikikosekana, mkopo wake ukiharibika mnada utapigiwa mlangoni kwenu.

Kuhusu mhandisi silegezi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, asubuhi, maduka yakiwa wazi, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mitaa ya katikati ya mji inapofufuka kwa kasi, kila mtu anapandisha juu na kuchimba chini ya kile kilichokuwepo. Kifo cha namna ile hakina fidia inayotosha.

Niongeze habari ya maji, ambayo wawekezaji hawaigusi kabisa kwenye mazungumzo. Moshi yote imeinama. Mvua ya masika inateremka toka mlimani kuelekea kusini, nanyi mko upande wa chini. Nyumba za Kiswahili za mtaa wenu zina uani wa udongo, na udongo ule unakunywa sehemu kubwa ya mvua bila mtu kuushukuru. Kila kiwanja kikijengwa kona hadi kona na kilichobaki kikawekwa pevingi, maji yote yanakwenda mtaroni. Mtaro uliopimwa kwa mtaa wa zamani utafurika mwaka wa tatu au wa nne, nao utafurikia nyumba iliyo chini kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni ya mjane asiyejenga. Majitaka nayo ni hivyohivyo. Jengo la ghorofa nne lenye hosteli linatoa majitaka ya kijiji, na shimo la uani haliwezi kuyabeba. Kabla ya kusikiliza michoro, nendeni mamlaka ya maji, MUWSA, muulize kama bomba la majitaka linapita mbele yenu na lina nafasi. Kama halipiti, ghorofa nne ni ndoto au ni uvundo kwa jirani. Katika kazi yangu nimeona mitaa mingi ikipakwa rangi juu huku chini ikioza, na mtaa unaonuka hurudi kudharaulika upesi kuliko ulivyopanda.

Wapangaji. Nimefurahi umewauliza, wengi hawaulizi. Mamalishe huyo na wenzake ndio walioufanya mtaa upitike jioni wakati hapakuwa na taa. Hosteli imekuja kwa sababu pana watu, chai na macho ya kulinda njia. Wao hawana hati, kwa hiyo mtaa ukipanda bei wanaambulia kupandishiwa kodi au notisi ya mwezi mmoja. Dar es Salaam, familia 644 za Magomeni Kota zilihamishwa kupisha ujenzi mpya, zikasubiri miaka karibu 10, ndipo majengo yakafunguliwa Machi 2022 na wao wakarudishwa. Walirudi kwa sababu walikuwa wameorodheshwa, walishikamana kama kundi, na Serikali ililibeba suala lao. Mpangaji mmoja wa chumba kimoja Moshi hatabebwa na mtu. Mkataba wowote mtakaousaini uwe na ukurasa wa wapangaji: notisi ya miezi isiyopungua sita, na kwa mamalishe haki ya kurudi kwenye fremu ndogo kwa kodi iliyokubaliwa kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Mwekezaji atanung'unika kidogo. Gharama yake kwenye hesabu za mradi ni ndogo mno, na mama yako ataendelea kusalimiana na watu wake.

Sasa fikiri zaidi ya kiwanja kimoja, kwani huyo dalali hakuja kwenu peke yenu, tayari amegonga milango ya jirani. Huko mlimani kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, hakiuzwi hivihivi. Kina makaburi ya wazee, ukoo lazima ukae, na mgeni akitaka kununua atazungushwa mpaka achoke. Watu haohao wakishuka mjini wanauza kiwanja ndani ya wiki moja bila kumwambia wa pili. Ningependa mlete kidogo ya desturi ya kihamba hapo relini, na haya si mawazo ya kufikirika tu. Ng'ambo ya mpaka, Voi nchini Kenya, kuna mtaa unaoitwa Tanzania-Bondeni, ambao sehemu ya ardhi yake ilikuwa ya shirika la reli. Mwanzoni mwa miaka ya 90, ulipokuwa unaboreshwa, wakazi waliogopa kwamba hati za mmojammoja zingenunuliwa na matajiri mara tu barabara ikikatwa. Wakachagua ardhi iwe ya jumuiya kwa pamoja na nyumba iwe ya kila mtu. Unaweza kuuza nyumba yako, ardhi iliyo chini yake huiuzi.

Boston, Marekani, walikwenda mbali zaidi. Mtaa wa Dudley ulikuwa na viwanja vitupu kama 1,300, vingi vikiwa ni mabaki ya nyumba zilizochomwa na wamiliki wake. Wakazi waliunda chama chao mwaka 1984, na 1988 mji ukawapa jambo ambalo raia hawapewi kirahisi, yaani mamlaka ya kutwaa viwanja vitupu vilivyotelekezwa. Wakaviweka chini ya dhamana ya jumuiya na kuvikodisha kwa miaka 99 kwa watu wanaojenga na kuishi humo. Mtaa ukafufuka na wakazi wake bado wamo. Chombo cha kufanyia jambo la aina hiyo tunacho. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inaruhusu ushirika wa nyumba, na ninyi mko katika mji wenye Chuo Kikuu cha Ushirika. Kama kuna mahali Tanzania ambapo majirani sita wanapaswa kuweza kukaa meza moja na kuandika katiba ya ushirika, ni Moshi.

Sisemi muanze na ushirika kesho. Anzeni na makubaliano ya maandishi kati ya wenye nyumba wa mstari wenu, kwamba anayetaka kuuza au kuingia ubia atawaambia wenzake kwanza na kuwapa siku 60 za kujipanga. Viwanja vitatu vilivyoungana vina sauti mbele ya mwekezaji na mbele ya halmashauri. Vinaweza pia kuacha uani mmoja wa pamoja wa kunywa mvua, jambo ambalo kiwanja kimoja hakiwezi. Mwendeeni mwenyekiti wa mtaa, mwombeni mkutano, na mtake kuona mpango kina wa eneo lenu: umeruhusu ghorofa ngapi, barabara zina upana gani, kuna nyumba itakayokatwa? Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka mipango ya aina hiyo iwekwe wazi kwa wananchi kabla haijapitishwa. Na kama umma utataka sehemu ya kiwanja chenu kwa barabara, fidia kamili ina thamani ya soko, posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36. Msikubali karatasi yenye mstari mmoja tu wa "nyumba".

Kwa kaka zako nina neno moja la upole. Huenda wanataka kuuza kwa sababu wana shida ya kweli, ada au matibabu au deni, na si vizuri kuwaita wachoyo. Waulizeni wanahitaji kiasi gani, lini. Vyumba viwili vya mbele vikitobolewa milango ya barabarani vinakuwa fremu kwa fedha ambayo hata kikundi cha akiba na mikopo kinaweza kukopesha, na kodi yake, inayolipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, inaweza kuwatatulia hiyo shida. Ila hilo nalo lisubiri msimamizi wa mirathi na kibali cha halmashauri.

Wiki hii nenda ofisi ya ardhi ya mkoa na nakala ya hati, uombe upekuzi rasmi ili uone kama kuna rehani au zuio lolote lililowekwa humo tangu babu afariki, na kama kodi ya ardhi inadaiwa. Kisha mwite mama na ndugu zake wote, hata yule asiyeonekana kwenye misiba, mwandike muhtasari wa kikao cha ukoo na mpendekeze msimamizi. Hati halisi isitoke nyumbani, dalali akiitaka mpe nakala. Majibu ya upekuzi yakitoka niandikie tena, uambatanishe na lile pendekezo la ubia ukurasa kwa ukurasa, nitalipitia nawe.